Mayai Ishirini na Tisa

Mayai ndiyo yaliyosema kwanza.
Kila Jumapili nikishuka kutoka Mbale,
trei arobaini nyuma, viti vimekunjwa,
nikifika matuta ya Kiboswa
nasikia mtu akitafuna mifupa chini ya gari,
halafu kimya,
halafu harufu.
Sokoni Kibuye nilianza siku kwa kuhesabu hasara:
saba leo, kumi na moja wiki jana,
ute umeganda kwenye zulia.

Nikajilaumu. Mguu wangu mzito,
haraka yangu, macho yangu yanayozeeka.
Shemeji Kegode, aliyeniuzia Prado hii,
alisema: Mama Jendeka, barabara ndiyo mbovu.
Gari ni jiwe.

Fundi Nyakwaka wa Mamboleo hakufungua hata boneti.
Aliweka viganja juu yake, akalemea, akaachia.
Gari likashuka, likapanda, likashuka, likapanda,
likaendelea kuitikia
kama mlevi anayekubali kila neno.
"Shoki zimekufa," akasema.
"Zimekufa zamani. Ni wewe tu hukupewa habari za msiba."

Nilitaka mbili, za mbele,
pesa za chakula cha kuku zikinililia mkobani.
Akakataa.
Ng'ombe ukimpa miguu miwili mipya,
ataangushwa na ile ya zamani.
Nikalipia nne.

Rading', kijana wake, akatandika kadibodi, akaingia chini.
Nati zilishikana na kutu.
Akazimwagia mafuta, akazigonga, akazibembeleza,
akazitukana kwa Kijaluo;
zikaachia kwenye tusi la tatu.
Shoki ikatoka na jasho lake jeusi.
Akaisukuma kwa kiganja, ikazama.
Tukaingoja irudi.
Haikurudi.

Springi akaibana kwa vyuma viwili, uzi baada ya uzi,
akatuambia tusogee:
"Hii ikiponyoka haijui ndugu wala shemeji."
Hapo ndipo vilipodondoka.
Vipande vya tairi, vimekatwa kwa kisu,
vimesokomezwa katikati ya mizunguko,
viwili kila upande,
ili gari lisimame wima siku ya kuuzwa.
Vimefungwa kwa waya wa kijani.
Waya huo naujua.
Umefunga geti la mtu, Chavakali,
na nimeufungua kwa mkono huu nikienda kula Krismasi.

Nikatoa simu.

"Bado!" Nyakwaka akapaza sauti.
"Hizo za chini usizikaze gari likiwa hewani.
Raba itajipinda, itachanika kabla ya mvua.
Lishushe kwanza. Lisimame kwa uzito wake.
Ndipo ukaze."
Alikuwa akimwambia Rading'.
Hakuwa hata amenitazama.
Nikarudisha simu mkobani.

Jioni akalemea tena boneti.
Gari likashuka, likapanda mara moja, likatulia,
mtu aliyeulizwa na anayejua jibu.

Nikarudi kwa njia ya Kiboswa makusudi.
Matuta yalipita chini yangu
kama mtoto anayegeuka usingizini,
na katika utulivu ule nikaanza kusikia mengine
yaliyofunikwa na kelele miezi yote:
mlango wa nyuma unalia,
beringi moja inaguna.
Sawa. Zamu yao itafika.

Jumapili lilipasuka yai moja,
na hilo niliangusha mwenyewe, nikicheka na mteja.

Nilipopandisha jioni sikusimama Mbale.
Nikapitiliza mpaka Chavakali, nikafungua geti,
nikaacha trei mezani.
Mkewe alishukuru, akasema Kegode yuko msalani,
nisubiri chai.
Nikasema nimechelewa, kuku hawajafungiwa.
Mayai ishirini na tisa,
makubwa, ya kahawia, niliyachagua mwenyewe,
na kwenye shimo la thelathini
kipande cha tairi,
na waya wake.